Kuruta Anayeruhusiwa Kukosea

Ipo picha moja ya Waingereza ya mwaka 1958, Carry On Sergeant. Ya zamani, haina rangi, lakini jamani, inachekesha! Sajenti Grimshaw, anayeigizwa na William Hartnell, yuko karibu kustaafu. Amewekeana dau la pauni 50 kwamba kikosi chake cha mwisho ndicho kitakachokuwa bora. Basi analetewa makuruta wa ajabu. Charlie kaitwa jeshini siku ya harusi yake, na bibi harusi kamfuata mpaka kambini. Horace kila siku anaumwa, kila siku yuko kwa daktari. Wengine wakiambiwa kushoto, wanakwenda kulia.

Hawakujitolea. Tangu 1949 sheria ya Uingereza iliwalazimu vijana wa kiume kulitumikia jeshi, kwanza miezi 18, halafu miaka miwili kwa sababu ya vita vya Korea. Kuna waliopelekwa Malaya, kuna waliopelekwa Kenya wakati wa Mau Mau. Si wote waliorudi. Lakini kila mmoja aliitwa kwa barua, alipimwa na daktari, na aliijua siku yake ya kumaliza.

Sisi tuliotoka Kivu tuna neno letu: kadogo. Lilienea tangu vita vya 1996, watoto waliposhikishwa bunduki ndefu kuliko wao. Kaka yangu alichukuliwa akiwa na miaka 13. Barua hakuna, daktari hakuna, siku ya kumaliza hakuna. Aliyesema anaumwa alipigwa.

Nilimwonyesha picha hii kwenye simu, huku namtafsiria. Nilikuwa na wasiwasi, maana mambo ya jeshi huwa hataki hata kuyasikia. Akatazama kimya. Mwishowe akauliza:

“Huyu Horace, kila siku anakwenda kwa daktari na hapigwi?”

“Hapigwi.”

“Basi hilo si jeshi, ni hospitali!”

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaanza kunisimulia habari za mwenzao mmoja aliyekuwa akitembea gwaride mkono wa kulia na mguu wa kulia pamoja, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Alimtaja kwa jina. Miaka yote hii ya kambi, sikuwahi kulisikia jina lile.

Grimshaw aliamua kuwavumilia makuruta wake, nao mwisho wakajitahidi kwa ajili yake, wakashinda. Ndiyo maana tunaweza kuwacheka: walikuwa mahali ambapo mtu akikosea anarudia tena. Makadogo walikosa hata hilo.

Ndugu zangu wa mashirika, mnapokaa na waliokuwa askari watoto, mnawauliza habari za bunduki na za waliokufa. Ni sawa, mna fomu za kujaza. Lakini siku moja waulizeni pia nani alikuwa hajui gwaride. Kaka yangu, kwa swali hilo, aliongea mpaka usiku.