Maji ya Batiki ya Mama

Ada yangu ya mwaka wa kwanza chuoni ilitokana na batiki. Mama alizitia rangi uani kwetu Temeke, na maji yaliyobaki yakamwagwa kwenye mfereji wa mtaa, leo ya zambarau, kesho ya kijani. Sisi watoto tuliona ni pambo. Mwaka jana jirani alichoka. Maji yalituama mbele ya mlango wake, akamleta mjumbe, na mama akaambiwa atafute njia nyingine au aache kazi.

Wakati huo nilikuwa Manchester nikisoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ulikuwa huo huo: kuondoa rangi kwenye maji machafu kwa vitu vya bei ndogo. Nilichagua vifuu vya nazi. (Niliokaa nao nyumba moja hawajasahau, maana nazi zote zile ilibidi ziliwe, na tulikula wali wa nazi mpaka wakaomba viazi.) Vifuu nilivichoma kwenye tanuri bila hewa, nikasaga makaa, nikachekecha, nikayatia kwenye maji yenye methilini bluu. Baada ya muda maji yakawa maangavu. Rangi haifyonzwi kama sponji inavyofyonza maji. Hunata kwenye kuta za vitundu vidogo mno vya makaa. Gramu moja ya makaa yaliyotayarishwa vizuri yaweza kuwa na uso wa mita za mraba 500, hata kupita 1,000. Grafu zangu zilifuata mlinganyo wa Langmuir wa 1918 kama zimechorwa kwa rula.

Basi nikampigia mama, nikajigamba.

“Shikamoo mama. Usihangaike, dawa ninayo.”

“Marahaba mwanangu. Fanya haraka, mjumbe atarudi.”

Mdogo wangu akatoboa ndoo, akapanga kokoto, mchanga na makaa ya vifuu aliyochoma kwenye debe lililofunikwa. Jumapili wakanionyesha kwa simu ya video. Maji yaliingia ya zambarau, yakatoka ya zambarau. Mama hakusema neno. Alijifunga kanga vizuri, akaenda kukaa.

Nilikuwa sijamuuliza hata anatia nini! Methilini bluu ina chaji chanya, na uso wa makaa ya mimea mara nyingi una chaji hasi, ndiyo maana vinavutana. Watafiti wengi huanza nayo kwa sababu inakubali upesi. Mama hutumia rangi inayoyeyushwa kwa kostiki na haidro. Ikishayeyuka hivyo ina chaji hasi, na kostiki huzidisha uhasi wa makaa. Vinafukuzana.

Nilipomweleza, mama akasema, “Lakini maji haya yakilala kwenye pipa wazi, asubuhi juu yamepungua rangi, chini kuna tope. Hukuniuliza.”

Hapo nikaelewa. Haidro ndiyo inayoifanya rangi iyeyuke. Hewa ikiingia, rangi hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka. Sasa wana mapipa mawili. Maji hukorogwa, hulala wazi siku mbili, ya juu hupitishwa kwenye mchanga na makaa. Hutoka na rangi kidogo, si maangavu kama yale ya maabara. Kostiki bado imo, makaa hayaiondoi, kwa hiyo nimewakataza kumwagilia mchicha, nami nahangaika na hilo. Mjumbe alikuja, akatazama, akampa mama miezi mitatu.

Swali lililonitoa jasho mbele ya watahini nilikuwa nimekwisha kuulizwa na mama: makaa yakishajaa rangi, yanatupwa wapi? Katika tasnifu nililiandikia aya moja. Mdogo wangu ana viroba vitatu nyuma ya bafu, vimefungwa kamba, na kila Jumapili mama huigeuza kamera nivione.