JAMAA WA MLIMBA AUZA "RICE", MTEJA WA DAR ACHANGANYIKIWA!

Jamaa mmoja wa Mlimba alipost status kwa Kiingereza: anauza "rice", magunia kumi. Mteja wa Dar akaipenda bei, fasta akatuma kianzio. Kumbe mwenzie anaongelea mpunga!

Wadau, gunia la mpunga halitoi gunia la mchele. Ukikoboa, maganda na pumba vinabaki mashineni. Mzungu kwake yote ni "rice". Mswahili shambani ana mpunga, dukani mchele, mezani wali, na mtaani ubwabwa. Kila jina lina bei yake.

Jamaa karudisha hela yote, ila mteja ndo kaenda hivyo. Mtoto wa bonde la Kilombero, kalelewa na mpunga, kakosa soko kwa kuukimbia jina lake!