Faustin Linyekula, mtunga dansi aliyerudi Kisangani

Huku kwetu mashariki wengi wanawajua wanamuziki wa Kinshasa kuliko yeye, na hiyo ni hasara. Faustin Linyekula alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akakomea Kisangani. Mwaka 1993 alienda Nairobi, na mwaka 1997 akaanzisha kule kundi la Gàara pamoja na wenzake. Kiisha akarudi inchini. Mwaka 2001, vita vikiwa bado, alifungua Studios Kabako mjini Kinshasa. Kabako alikuwa rafiki yake, mwandishi aliyekufa kwa tauni.

Wazee watauliza: hiyo ni ngoma gani? Si ya arusi, wala si ndombolo tupu. Mwili unatetemeka, unaanguka, unasimama tena. Katikati mtu anasema, gitaa linalia. Katika Le Festival des mensonges, wachezaji wanadansi huku hotuba za viongozi wa Congo zikisikika, na watu wanaokuja kutazama wanauziwa vinywaji. Kwa more more more… future, ya mwaka 2009, gitaa ni la Flamme Kapaya, na maneno yalitoka kwa rafiki aliyekuwa gerezani.

Alipata tuzo la Prince Claus mwaka 2007. Angeweza kabisa kubaki Ulaya. Lakini alihamishia kazi yake Kisangani, mji ambao majeshi ya Rwanda na Uganda yaliupigania siku sita, Juni 2000. Kule Lubunga, ngambo ya kushoto ya mto, studio zake zilishughulika hata na maji ya kunywa.