Kinindo: ndagala, mukeke na sufuria ya nyumbani



Mwezi uliopita nilipata karatasi ya ruhusa, nikashuka Bujumbura siku tatu. Nilifikia kwa shangazi yangu Kinindo. Wengi wetu tunaijua zaidi Buyenzi, maana huko Kiswahili kinaongewa tangu zamani. Kinindo yenyewe iko kusini mwa mji, ziwa Tanganyika upande mmoja, milima upande mwingine. Safari hii naomba tuongee chakula.

Jioni pale harufu ya samaki inakukuta njiani. Mukeke anachomwa mzima kwenye makaa, halafu anawekewa kitunguu, nyanya na pilipili. Ndiye yuleyule ndugu zetu wa Kigoma wanamwita mgebuka. Ndagala nao wanavuliwa usiku wa giza: wavuvi wanawasha taa, samaki wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa, kazi inapungua. Asubuhi wanaanikwa juani. Shangazi anapenda wa kwenye waya, sio wa chini, maana hawana mchanga. Anawatoa vichwa, anawaosha kwa maji ya moto, kisha anawapika na nyanya na mawese. Ubugali pembeni, na sombe. Basi!

Kukausha samaki sio jambo la umaskini, ni akili ya wazee. Hata Uswidi, ambako baadhi ya familia za Kikongo na Kirundi zimepelekwa kuishi, wazee walifanya hivyo kwa sababu ya baridi ndefu. Samaki walitiwa chumvi kwenye mapipa. Mikate ilikaushwa, ikiwa na tundu katikati, ikatundikwa kwenye mti chini ya dari. Na kila Alhamisi wengi wanakula supu ya mbaazi za njano, zile zile zinazofanana na za posho yetu! Wao wanaziita chakula cha nyumbani, wala hawaoni haya.

Kitu kingine: chakula pia kinasafiri. Mihogo, mahindi na maharage asili yake ni Amerika. Ndizi zilitoka Asia. Viazi vya Uswidi navyo vilitoka Amerika, vikaenea huko katika miaka ya 1700. Hata sambaza wa ziwa Kivu sio wenyeji: walichukuliwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakamwagwa Kivu, wakazaana. Leo mtu wa Bukavu atakuambia sambaza ni wa kwao, na kweli ni wa kwao. Kumbe kitu kinaweza kuhama na bado kikawa na kwao.

Nasema haya kwa sababu moja. Darasani kwangu mtoto mmoja aliniuliza, “Mwalimu, ndagala wanalimwa wapi?” Wenzake hawakucheka, maana nao hawakujua. Wamezaliwa hapa. Ziwa hawajaliona. Chakula wanachokijua kinatoka kwenye mfuko siku ya posho. Tukinyamaza, miaka kumi ijayo nani atajua kutwanga sombe, au kupima mawese yasiungue?

Najua mtasema: mwalimu, ndagala tutanunua na nini? Ni kweli, pesa hakuna. Lakini kusimulia hakuna bei. Mama akikoroga ugali wa posho, amwambie mtoto kwao walipika nini siku ya arusi, siku ya msiba, siku mgeni amekuja. Baba aliyevua aonyeshe wavu unavyofungwa. Lengalenga linaota hata kwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba.

Wanafunzi, kazi yenu ni hii: muulizeni bibi au jirani mzee pishi moja la kwao, mliandike kwenye daftari, pamoja na jina la kijiji. Leteni shuleni. Tutayasoma kwa sauti darasani, na mengine tutayaweka kwenye gazeti letu mwezi ujao.