Kioo Kilichokuja kwa Treni

Kompyuta ya kwanza kuingia nyumbani kwetu Tabora ilikuja kwa treni mwaka 2004, ikitokea Kariakoo. Kioo chake, cha ule mgongo mrefu, baba alikiviringisha blanketi na kukaa nacho miguuni tangu Dar es Salaam. Stesheni mchukuzi alikitupia begani, kilo 15 hivi, akasema huo si mzigo. Hakukosea. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mara mbili ya hapo: pembe kwenda Bagamoyo, merikani na shanga wakati wa kurudi, miezi kwa miguu, hadi reli ilipofika mwaka 1912. Baba mkubwa alipoona kilichotoka kwenye blanketi alicheka: “Wazee walipeleka pembe pwani. Wewe pwani imekupa televisheni isiyoshika ITV.”

Iliwekwa sebuleni, mama akaifunika kitambaa cha kufuma. Ilikuwa na mahali pake, sisi ndio tulioifuata. Mmoja alikaa kitini, wanne wakasimama nyuma yake wakimwamuru abonyeze wapi. Hapo baba alichapa mitihani ya wanafunzi wake, na majirani wakachapiwa kadi za michango ya harusi. Siri haikuwezekana.

Kiangazi vumbi liliijaa. Tulifungua ubavu wake kwa bisibisi, tukaupuliza kwa pampu ya baiskeli. Ikigoma kuwaka, tulichomoa RAM, tukasugua meno yake kwa ufutio, tukairudisha. Mdogo wangu aliifanya kazi hiyo akiwa darasa la sita. Radi ilipounguza pawa saplai, ilinunuliwa pawa saplai tu, maisha yakaendelea.

Kilichotushinda ni umeme. Katika mgao wa 2011 baba alipoteza mtihani wa kurasa sita aliokuwa hajauhifadhi. Nilimkuta amekaa gizani, vidole bado viko kwenye kibodi, kama anayesubiri urudi pale pale alipoachia.

Mwaka uliofuata nikamletea laptopu ya mtumba. Wenye lugha yao huiita kompyuta mpakato, jina tamu, ingawa mtaani kwetu sijamsikia mtu akilitamka. Baba aliipakata kweli, kama mjukuu, chini ya mwembe uani. Umeme ukikatika alikuwa na muda wa saa tatu mbele yake, wala hakuinua kichwa. Kwa nyumba ya mgao sina ubishi: laptopu. Ila jioni sebule ilipoa. Hakuna aliyesimama nyuma ya mtu tena, maana yeye na mashine yake walikuwa chumbani, mlango umerudishiwa.

Kisha ikaanza kuzeeka kwa namna yake. Kitufe cha A kilikufa kwanza, herufi ambayo Kiswahili hakitembei bila yake. Fundi alisema kubadili kibodi ni kuifumua mashine nzima. Nikaenda stoo kuchukua kibodi ya zamani. Plagi yake ilikuwa ile ya duara, haikuwa na pa kuingia. Tukanunua nyingine ya USB. Halafu betri ikafa, ikawa haiwaki bila waya ukutani. Baba akairudisha kwenye meza ya sebuleni, kibodi yake mbele.

Mama aliitazama siku mbili. Siku ya tatu nikakuta ameifunika kile kitambaa.