Msasa Hauruki Namba

Meza ile ilikuwa ya mvule, na mwenyewe alikuwa akiingojea Kisauni. Wiki hiyo nilikuwa nimenunua sanda ya umeme, yaani mashine ya kupiga msasa, ya kwanza katika karakana yangu hapa Likoni, baada ya miaka mingi ya kupiga msasa kwa mkono. Nikaanza na msasa namba 60, nikarukia 180, nikapaka vanishi, nikaivusha meza kwa feri. Kesho yake mama mwenye meza akanipigia simu: "Fundi, njoo uitazame mwenyewe."

Jua la dirishani lilikuwa limeilalia meza. Chini ya vanishi vilijaa viduara vyembamba, kama maranda yaliyojikunja. Karakana yangu ina kivuli, kwa hiyo sikuviona. Niliirudisha meza Likoni, nikaikwangua vanishi yote, nikaanza upya. Hapo ndipo nilipojifunza msasa.

Sanda hii ina pedi ya duara inayozunguka, na papo hapo kitovu chake huchezacheza milimita 2 au 3, mara elfu kadhaa kwa dakika. Ndiyo sababu haichimbi mifereji kama grinda. Lakini mashine ni mkono tu. Kinachokata mbao ni msasa. Namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa. Namba 60 au 80 huondoa gundi na alama za randa. Kisha 120, kisha 180, na kwa vanishi hapo panatosha. 320 naiweka kwa kusugua kidogo kati ya koti moja la vanishi na jingine. Kosa langu lilikuwa kudhani kila namba kazi yake ni kulainisha. Kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Namba 180 haiwezi kufuta mabonde ya 60. Hung'arisha vilele tu, mkono ukadanganyika, vanishi ikaja kusema kweli.

Siku hizi, kabla ya kila namba, nachora mistari ya penseli ubao mzima. Mistari ikiisha yote, nafuta vumbi kwa kitambaa, nabadilisha msasa. Punje moja ya 60 ikibaki ubaoni, itakwaruza hata chini ya 180.

Kosa la pili lilikuwa matundu. Pedi yangu ni ya milimita 125, yaani inchi 5, na ina matundu 8. Nilikuwa nimenunua misasa isiyo na tundu hata moja kwa sababu ya bei. Vumbi likakosa pa kutokea, likajikusanya chini ya msasa, likaujaza na kuchora vile viduara. Sasa dukani nabeba msasa wangu wa zamani, naulinganisha na mpya tundu kwa tundu kabla ya kutoa pesa.

Kuufunga msasa nako kuna adabu yake. Chomoa waya kwanza. Piga pedi kwa brashi kavu, maana vijino vya velkro vikijaa vumbi havishiki. Shika msasa kingoni, linganisha matundu mawili yanayotazamana, ndipo uulaze kutoka upande mmoja hadi mwingine. Msasa ukizidi pembeni ya pedi, utachanika. Ukifanya kazi, usiikandamize mashine. Uzito wake unatosha. Ukiikandamiza, pedi huacha kuzunguka, joto hupanda, vijino huyeyuka, na hapo hakuna msasa utakaoshika tena.

Vumbi nalo si la kudharau. La mvule huwasha pua na ngozi, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Mfuko wa vumbi naumwaga mapema, na barakoa haitoki usoni.

Haya si mapya pwani. Msasa ni jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi: majani yake yanakwaruza, na mafundi waliyasugulia mbao. Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Akamba, mpingo hung'arishwa kwa mkono, msasa mkali kwanza, laini baadaye. Mashine imetuongezea kasi. Utaratibu ni ule ule.

Vijana wangu wa karakana nimewapa makopo manne: 60, 80, 120 na 180. Msasa ukitoka kopo moja haurudi katika jingine.

Meza niliirudisha Kisauni asubuhi. Mama akaiweka pale pale dirishani. Sikuaga. Nilisimama nikangoja jua liufikie ubao, nikainama naye, tukatazama.