MPIGA KINANDA WA STAA ANATAKA MASTA YA MUZIKI, KIKWAZO SIO VIDOLE

Mjini maneno ni mengi kuhusu yule mpiga kinanda aliyepotea kwenye shoo za staa mmoja mkubwa wa Bongo Fleva. Wapo wanaosema kafukuzwa. Wapo wanaosema kaokoka, sasa anapiga kanisani tu. Ukweli ni kwamba jamaa anahangaikia shahada ya uzamili ya muziki, masta kama inavyoitwa mtaani. Jina liko kapuni, ila kama umewahi kusimama karibu na jukwaa unamjua. Ni yule wa kofia, upande wa kushoto, ambaye kamera humpitia kwa sekunde 2 halafu inarudi kwa staa na madansa.

Hizo sekunde 2 zimemtesa kuliko kitu kingine chochote kwenye safari hii, lakini twende taratibu.

Watu wengi wanadhani masta ya muziki unaiomba kwa kipaji. Unakaa kwenye kinanda, unawamaliza, wanakupa nafasi. Hapana. Kitu cha kwanza kuulizwa ni shahada ya kwanza. Jamaa anayo, aliichukua kwenye chuo kikuu kimoja hapa Dar, GPA 2.9. Kwa vyuo vikuu vya Tanzania kiwango cha chini cha kuingia masta ni 2.7, kwa hiyo kapita kwa kuchungulia. Ambaye ameishia stashahada, hata kama ameisotea Bagamoyo na ngoma zote anazijua, lazima apitie shahada kwanza. Rafiki yake mmoja, prodyuza mwenye hiti kibao na cheti cha kidato cha nne, alipoambiwa hivyo alicheka, akasema basi yeye ataenda kuifundisha hiyo masta. Jibu tamu, tatizo ni kwamba kwenye fomu hakuna mahali pa kuliandika.

Akaanza kutafuta chuo. Makerere ipo, Kenyatta ipo, zote unafika kwa basi. Yeye macho yalikuwa Ujerumani, maana alisikia vyuo vya serikali kule havitozi ada. Ni kweli kwa majimbo mengi, ingawa Baden-Württemberg wanatoza euro 1,500 kwa muhula kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Alishangilia siku moja. Siku ya pili akasoma habari ya akaunti maalum ya viza: unatakiwa kuonyesha euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka mzima, unazitoa kidogo kidogo, euro 992 kwa mwezi. Piga hesabu, ni zaidi ya milioni 30 za madafu. Na bado kuna Kijerumani, kwa sababu vyuo vingi vya muziki vya huko vinadai cheti cha lugha, tena usaili mara nyingi unaitwa ukapige mbele yao.

Mchumba wake ni nesi, mtu wa maneno machache. Alimwangalia tu akamuuliza, "Hiyo ni harusi yetu mara ngapi?"

Jibu lilikuwa mara mbili na chenji inabaki. Ujerumani ikaishia hapo.

Ikabaki Uingereza, kupitia ufadhili wa Chevening. Huu unalipa ada, nauli na posho, na masta yenyewe ni ya mwaka mmoja. Masharti yake yanaeleweka: uwe na shahada, uchague kozi 3, ukimaliza urudi nyumbani kukaa angalau miaka 2. Halafu kuna sharti la uzoefu wa kazi, saa 2,800. Wengi wakiiona hiyo namba wanafunga simu. Yeye alichukua kalamu. Mazoezi ya bendi siku 4 kwa wiki, saa 5 kila siku, hizo 20. Toa wiki za mfungo na za mapumziko, weka wiki 45 kwa mwaka, unapata saa 900. Miaka 3 na kidogo zimetimia, na yeye kapiga miaka 6, shoo bado hazijahesabiwa. Saa anazo za kumwaga.

Nani wa kuzishuhudia sasa? Miaka yote hiyo hana mkataba. Alikuwa analipwa kwa bahasha baada ya shoo, siku nyingine hela inatumwa kwa simu na dereva wa meneja. Akaenda kwa meneja kwa adabu zote kuomba barua, mistari mitano tu, kwamba huyu bwana amefanya kazi na sisi. Meneja alimsikiliza vizuri, akamwagizia na soda. Kisha akamwambia, "Mdogo wangu, nikisaini kwamba ulikuwa mfanyakazi wetu, kesho nitaulizwa michango yako ya NSSF iko wapi."

Hapo ndipo vijana wengi wa bendi mjini wanapoishi, kati ya jukwaa na karatasi. Wanajulikana na kila mtu, hawapo mahali popote.

Barua ya pili ilitakiwa itoke kwa mwalimu wake wa chuo. Huyu alikuwa na sababu zake za kumsahau, maana kipindi cha asubuhi jamaa alikuwa anakikosa kila baada ya shoo ya usiku. Alimkuta ofisini, akaamkia, mzee akaitikia marahaba bila kuinua macho. Aliposikia shida akasogeza karatasi ya nota kwenye piano, akasema "piga." Mistari mitatu ya kwanza ilienda. Wa nne akaanza kubahatisha kwa sikio, na mwalimu wa muziki humdanganyi kwa sikio.

"Unapiga vizuri," mzee akamwambia. "Ila husomi. Na huko unakotaka kwenda watakupa karatasi usiyoijua, watakaa kimya wakusikilize."

Hakumnyima barua, alimpa masharti. Siku 3 kwa wiki, saa 12 kamili asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika. Nota, mizani, kusoma kwa mkono wa kushoto peke yake. Mtu aliyezoea kulala saa 11 alfajiri alianza kuamka saa 10. Hapo ndipo mazoezi ya bendi yalipoanza kumshinda, na hapo ndipo mtaani wakasema kafukuzwa.

Maelezo yake binafsi nayo yalirudi na wino mwekundu. Alikuwa ameanza kwa kusema anapenda muziki tangu utoto. Mzee akakata mstari wote, akaandika pembeni: nani hapendi? Akamuuliza anajua nini ambacho wao hawakijui. Jamaa akafikiri, akakumbuka taarab aliyokua anaisikia jikoni kwa mama yake, zile za kisasa za miaka ya 1990 kuendelea, ambapo kinanda kimoja kilianza kufanya kazi iliyokuwa ya fidla nyingi na ganuni. Mpigaji mmoja kakaa kwenye kiti cha watu kumi. Kama nani kajua hilo kwa vidole, ni yeye. Hiyo ndiyo ikawa hoja yake, na kusema kweli ni hoja nzuri kuliko insha nyingi za "ndoto yangu".

Sasa zile sekunde 2. Kozi za upigaji zinataka video, na mara nyingi wanataka isiyokatwakatwa, mikono na uso vionekane. Jamaa yumo kwenye video zenye watazamaji mamilioni, na ukizikusanya zote hupati dakika moja yake. Ikabidi aanze upya kwa simu ya mchumba, kwenye ukumbi wa kanisa, usiku, baada ya kwaya kuondoka. Mara jenereta, mara mlinzi kaingia kuuliza nani yupo humo. Alirudia mara 11.

Barua ya kazi hatimaye ilisainiwa na kiongozi wa bendi, mtu mzima mwenye watoto wanne shuleni. Alisaini kimyakimya nyumbani kwake, akasema alichoandika ni kweli na kweli haina meneja. Tangu habari zifike juu, shoo mbili zimepita na yeye hakuitwa. Mpiga kinanda alitaka kuirudisha ile karatasi. Mzee wa bendi akakataa kuipokea.

Dirisha la Chevening hufunguliwa Agosti. Pasipoti mpya imetoka, shilingi 150,000. Nakala ya matokeo ya chuo ipo, barua 2 zipo. Mtihani wa Kiingereza anausubirisha kidogo, kwa kuwa majibu yake yanadumu miaka 2 tu na hataki yamwishie akikosa mwaka huu. Harusi imesogezwa, mchumba ndiye aliyesema isogezwe. Na ipo video ya dakika 17, mara ya 11 ile, ambayo dakika ya 9 inasikika bodaboda ikipita nje. Wameshamshauri airekodi tena. Kagoma, anasema ndiyo pekee ambayo mkono wa kushoto haukukosea.